Asiyeandika Hesabu Yake Ataandikiwa na Mwingine

Maneno tuliyoyasema mbele ya jamaa wenye watoto na ndugu zao Marekani



Mmetuita sisi makarani wa mgodi tuwaeleze habari ya barua. Barua hizi si za hapa kwetu. Ni zile ambazo watoto wenu na ndugu zenu wanazipokea huko Marekani. Wanazipiga picha kwa simu, wanazituma hapa, na wanauliza: "Baba, Leta ya huku inatutaka nini?" Nanyi mnatuletea sisi, kwa sababu kazi yetu ni karatasi. Tumeona afadhali kusema mara moja mbele ya wote, kuliko kunong'ona nyumba kwa nyumba.

Barua yenyewe ina neno moja tu. Bilo ya kodi ya Marekani, ambayo jina lake ni IRS, inasema: "Hatukuona karatasi yako ya mapato ya mwaka fulani." Karatasi hiyo ndiyo sisi tunaiita deklarasio. Kila mwaka mtu anaandika ndani yake fedha zote alizopata, watu anaowalisha, na kodi iliyokwisha kukatwa katika mshahara wake, kisha anaipeleka. Wengine wetu hawakupeleka mwaka mmoja. Wengine hawakupeleka miaka mitatu au mitano. Sasa barua imefika, nao wanaiweka chini ya godoro.

Maneno haya yanatuhusu sana. Ninyi wenyewe mnajua ni watu wangapi wa Kivu na wa Katanga ya kaskazini waliokimbia vita, wakakaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu huko Tanzania, Nakivale huko Uganda, au Kiziba huko Rwanda, kisha wakachukuliwa Marekani. Katika mwaka wa hesabu wa 2019 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi karibu 13,000 wa Kongo. Hakuna taifa lingine lililotoa wakimbizi wengi kama hao mwaka ule. Leo wako Grand Rapids, wako Des Moines, wako Portland, wako Dallas. Wanakata nyama katika viwanda, wanalea wazee, wanaendesha magari usiku. Fedha wanayotuma ndiyo inayosomesha watoto wengi waliobaki huku. Kama mshahara wao unakamatwa na bilo ya kodi, njaa haitakuwa kwao tu. Itafika na kwetu.

Kwa nini watu wetu wanaogopa barua

Hebu tuseme ukweli. Mtu wa Kongo akisikia neno kodi, moyo wake unaruka. Ana sababu. Wakati wa Leopold, kodi haikuwa hesabu, ilikuwa kazi ya nguvu. Amri ya 1903 ilisema mtu atumikie Leta saa 40 kila mwezi, lakini watu walitumikishwa kupita hapo, na mpira ulitafutwa kwa bunduki. Kisha Ubelgiji ukachukua nchi mwaka 1908, na kuanzia 1910 ikaletwa kodi ya kichwa ya kulipa kwa fedha. Hakuna aliyeulizwa amepata nini mwaka ule. Mwanaume mzima alihesabiwa kichwa chake, na mwenye wake wengi aliongezewa. Asiyelipa aliweza kufungwa. Kwa hiyo babu zetu, waliposikia mkusanya kodi anakuja, waliingia msituni. Kukimbia kulikuwa na akili wakati ule.

Lakini mzigo wa babu usibebwe na mjukuu mahali pasipo pake. Kodi ya Marekani ina tabia nyingine. Bilo yao ilianzishwa mwaka 1862, wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Kodi ya mapato ya siku hizi ilianza mwaka 1913, baada ya kubadilishwa kwa sheria kubwa ya nchi. Na tangu 1943 kodi inakatwa katika mshahara kabla mfanyakazi hajaishika mkononi. Huko mtu haulizwi kichwa chake. Anaulizwa hesabu yake. Na hesabu hiyo anapewa nafasi ya kuiandika yeye mwenyewe kwanza.

Shikeni neno hili, maana ndilo kubwa kupita yote tunayosema leo: kama yeye haiandiki hesabu yake, watamwandikia wao. Nao hawatamwandikia kwa huruma.

Namna wanavyomwandikia

Ndugu mmoja atasema: "Mimi sikudanganya. Kodi yangu ilikatwa kila juma kiwandani. Karatasi ya nini tena?" Sisi tunaofanya kazi katika bilo ya mishahara tunajua jibu. Fedha inayokatwa kila juma ni ya kukadiria. Mwisho wa mwaka lazima hesabu ifungwe. Labda umekatwa kidogo, basi utaongeza. Labda umekatwa kupita kiasi, basi utarudishiwa. Bila deklarasio hesabu inabaki wazi, kama kitabu cha duka kisichojumlishwa.

Tena msidhani bilo haijui kitu. Kiwanda kinampa mfanyakazi karatasi ya W-2, na habari zake zinakwenda pia kwa Leta. Kompanyi inayomlipa mtu kama fundi wa kujitegemea inapeleka karatasi ya namna ya 1099. Benki inapeleka ya kwake. Karatasi hizi zote zinakusanyika chini ya nambari ya yule mtu. Kwa hiyo bilo inajua alichopata. Isichojua ni alichotumia kwa kazi yake, na watoto anaowalisha.

Basi, akikaa kimya, sheria inaruhusu bilo imtengenezee deklarasio yake. Tuseme ni baba mwenye mke na watoto 4, anaendesha gari lake kuwabeba watu. Bilo itaandika dola zote alizolipwa. Haitaandika mafuta aliyonunua, wala matengenezo ya gari, wala watoto 4. Mara nyingi itamhesabu kama mtu aliye peke yake. Kodi itakayotoka hapo inaweza kuwa kubwa kuliko ile ambayo angeandika kwa mkono wake, na pengine yeye hakuwa na deni hata kidogo. Hapa hakuna mchawi. Karani wa huko ameandika alichokiona tu, kwa sababu mwenye habari amenyamaza.

Na msitumaini kwamba miaka itapita na neno litasahauliwa. Mtu aliyepeleka deklarasio, sheria inaiwekea bilo mpaka wa miaka ya kuirudia hesabu yake, na kwa kawaida ni miaka 3. Mtu asiyepeleka, mpaka huo hauanzi kuhesabiwa kabisa. Mwaka aliouacha wazi unabaki wazi. Ndiyo maana wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Kazi ya kwanza: fungua bahasha, tazama tarehe

Sasa tuseme kazi yenyewe, moja baada ya moja, ninyi mpate kuwaambia kwa simu.

Kwanza, bahasha ifunguliwe siku ileile. Mtu atazame vitu vinne: ni bilo gani imeandika, ni mwaka gani unaotajwa, tarehe ya barua, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Tunasema bilo gani kwa sababu sehemu nyingi za Marekani zina kodi yao mbali na ile ya nchi nzima. Aliye Michigan, Iowa au Maine ana deklarasio mbili. Aliye Texas ana moja tu, maana Texas haina kodi ya mishahara. Kujibu bilo moja si kujibu nyingine.

Tena atazame nambari ndogo iliyo pembeni mwa karatasi, juu au chini. Nambari hiyo inaonyesha neno limefika wapi. Barua CP59 ni ya mwanzo: "Hatukuona deklarasio yako." Hapo hajachelewa sana. Apeleke deklarasio, au, kama alikwisha kuipeleka, au mapato yake yalikuwa madogo hata sheria haimtaki apeleke, aseme hivyo katika karatasi ya majibu iliyomo ndani ya bahasha. Barua CP2566 ni nzito zaidi: "Hukuleta, basi sisi tumekuhesabia, na hiki ndicho kiasi." Hapo anapewa siku 30. Barua CP3219N ni ya kisheria. Hiyo inampa siku 90 za kupeleka neno lake mbele ya tribinali ya kodi kabla deni halijaandikwa. Kama barua imeandikiwa mtu aliye nje ya Marekani, ni siku 150. Siku hizo haziongezwi kwa machozi. Mwenye barua ya namna hii asingoje ushauri wa jirani. Amtafute mtu wa sheria juma lilelile.

Hata kama siku zimepita na deni limeandikwa, bado anaweza kupeleka deklarasio yake ya kweli na kuomba bilo itazame upya. Lakini ni safari ndefu kuliko kujibu mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kazi ya pili: kusanya karatasi kwa mwaka

Watu wengi wanakwama hapa. Wanasema: "Karatasi za mwaka ule zimepotea, nilihama nyumba mara tatu." Hili si jambo la kumzuia mtu. Bilo yenyewe inatoa orodha ya karatasi zote zilizopelekwa kwake kwa jina lako na waliokulipa: mishahara, malipo ya kazi za kujitegemea, faida ya benki. Zinaweza kupatikana hata za miaka 10 iliyopita, wala hailipishi kitu. Anaomba kwa fomu 4506-T, au kwa kompyuta.

Kisha afanye kama tunavyofanya sisi bilo ya mgodi: kila mwaka na bahasha yake. Juu aandike mwaka. Ndani aweke W-2, 1099, risiti za kazi, karatasi za kuzaliwa za watoto, na barua zote za bilo za mwaka ule. Asichanganye. Mtu aliyechanganya karatasi za miaka 5 katika mfuko mmoja atakata tamaa kabla ya kuanza.

Anayefanya kazi ya kujitegemea asikilize hapa. Kama faida yake, baada ya kutoa gharama za kazi, imefika dola 400 kwa mwaka, anatakiwa kupeleka deklarasio, hata kama ni kidogo machoni pake. Hakuna aliyemkatia kodi njiani. Pamoja na kodi ya mapato anadaiwa ile ya uzee na ya matibabu, ambayo kwake ni 15.3 kwa mia, ikihesabiwa karibu juu ya faida yote. Ndiyo sababu kitabu cha mafuta, cha kilomita na cha matengenezo si mchezo. Kila gharama ya kweli iliyoandikwa inapunguza faida hiyo.

Kazi ya tatu: andika, tia sahihi, peleka

Kila mwaka una fomu yake. Deklarasio ya 2020 haiandikwi katika fomu ya 2023, maana sheria na viwango vinabadilika. Miaka ya karibuni inaweza kupelekwa kwa kompyuta. Miaka ya zamani zaidi inapelekwa kwa karatasi, kwa posita. Kama barua inataja anwani ya kupeleka, basi ipelekwe kwenye anwani hiyohiyo. Atie sahihi yake, na kama ni mke na mume wanaoandika pamoja, watie wote wawili. Deklarasio bila sahihi ni kama haikupelekwa. Abaki na kopi ya kila ukurasa, na risiti ya posita inayoonyesha siku.

Mtu atauliza: "Nirudi nyuma miaka mingapi?" Sheria inataka kila mwaka uliokuwa lazima. Lakini kwa desturi yake bilo hutaka miaka 6 ya nyuma ili imhesabu mtu kuwa amejipanga. Aulize katika hali yake mwenyewe, asijipimie.

Na asiandike uongo. Kuchelewa kuna njia ya kutengenezwa. Lakini anayejizulia mtoto asiye wake, au gharama isiyokuwapo, ametoka katika kuchelewa na kuingia katika wizi.

Habari ya faini

Wengine hawapeleki kwa sababu hawana fedha ya kulipa. Hili ndilo kosa linalowala wengi, basi tulihesabu pamoja.

Kwa mtu mwenye deni, faini ya kutopeleka ni 5 kwa mia ya deni kila mwezi, mpaka ifike 25 kwa mia. Faini ya kutolipa ni nusu ya moja kwa mia kila mwezi. Zote mbili zikikutana katika mwezi mmoja, ile ya kwanza inapunguzwa, jumla ibaki 5.

Tuseme mtu anadaiwa dola 2,000. Akikaa kimya, kila mwezi zinaongezeka dola 100. Kwa miezi 5 si chini ya dola 500. Mwenzake anadaiwa dola 2,000 zilezile, hana hata senti moja, lakini amepeleka deklarasio yake kwa wakati. Faini yake ni dola 10 kwa mwezi. Kwa miezi 5 ni dola 50. Riba inahesabiwa kwa wote wawili, lakini tazameni tofauti ya faini peke yake: 500 na 50. Umaskini ni uleule. Kilichotofautisha watu hawa wawili ni karatasi.

Kwa hiyo neno letu ni hili: mwenye fedha na asiye na fedha, wote wapeleke. Kisha asiye na fedha aombe kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Iko fomu ya kazi hiyo, nambari yake 9465. Lakini bilo haimpi mtu mapatano hayo kama bado ana miaka ambayo hakuipeleka. Deklarasio kwanza, mapatano baadaye. Tena, mtu aliyekuwa mgonjwa hospitali, au nyumba yake iliungua, au miaka mitatu ya nyuma alikuwa safi, anaweza kuomba faini iondolewe. Aombe kwa maandiko, na aonyeshe ushahidi.

Je, atafungwa? Huko mtu hafungwi kwa sababu tu ana deni la kodi na hana cha kulipa. Lakini kukataa kupeleka kwa makusudi ni kosa la jinai, na sheria yao inataja kifungo cha mpaka mwaka 1 kwa kila mwaka ulioachwa. Anayejitokeza mwenyewe na kuleta hesabu za kweli anasimama mahali pengine kabisa na yule anayetafutwa. Na mwenye jambo zito, aliyeficha fedha kwa makusudi, au mwenye shida ya karatasi za kukaa nchini, aseme na avoka kabla ya kuandika neno lolote.

Fedha inayopotea, na mama anayengoja

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Mara nyingi yule anayeikimbia bilo, bilo ndiyo yenye deni kwake. Mfanyakazi wa mshahara mdogo mwenye watoto amekatwa kila juma, na sheria inampa punguzo kwa ajili ya watoto. Akiandika deklarasio, anaweza kurudishiwa fedha nyingi. Lakini fedha hiyo ina siku zake: kwa kawaida miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kupeleka deklarasio ya mwaka ule. Ikipita, inabaki kwa Leta daima, hata kama ilikuwa haki yake wazi.

Mfano ni mwaka wa 2020. Bilo ilitangaza mwaka 2024 kwamba karibu watu 940,000 hawakupeleka deklarasio ya 2020, na kwamba walikuwa wanaacha kupita dola milioni 1,000 za kurudishiwa. Mpaka wa mwisho ulikuwa 17 Mei 2024. Aliyeleta tarehe 18 hakupata kitu. Na asiyekuwa na deni, mwenye kurudishiwa, hana faini ya kuchelewa. Ni nani basi atakayekimbia fedha yake mwenyewe?

Kuna jambo lingine lililo karibu zaidi na mioyo yenu, mama zetu. Mkimbizi akikaa Marekani mwaka 1 anaomba kadi ya kukaa daima, na baada ya miaka 5 anaweza kuomba uraia. Mwenye kadi tu hana njia ya kuomba wazazi wake. Raia aliyetimiza miaka 21 anayo. Sasa, fomu ya kuomba uraia inauliza wazi kama mtu amewahi kuacha kupeleka deklarasio tangu apate kadi, na kama ana deni la kodi. Na raia anapomwombea mama yake, anatakiwa kuonyesha kwamba anaweza kumlisha. Kitu cha kwanza anachodaiwa hapo ni deklarasio ya mwaka wa karibuni. Kama ilikuwa lazima na hakuipeleka, ataambiwa aipeleke kwanza.

Basi mama anayeuliza kila Jumapili, "Mwanangu, utanichukua lini?", na aulize pia, "Mwanangu, hesabu za kodi umeziandika?" Maana barua iliyolala chini ya godoro huko inaweza kumzuia mama hapa. Kuwa na deni peke yake si mwisho wa safari. Mtu aliyepeleka hesabu zake na kupatana na bilo, akaonyesha risiti anazolipa kila mwezi, ana cha kujibu. Aliyenyamaza hana.

Jihadharini na wanaokula hofu ya watu

Palipo na hofu pana walaghai. Wa kwanza ni wa simu. Anapiga, anasema yeye ni wa bilo ya kodi, polisi wako njiani, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani. Huyo ni mwizi. Bilo kwa kawaida inaanza kwa barua ya posita, na haiombi kadi za zawadi kamwe.

Wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu pengine anasema lugha yetu na tunasali naye. Anaandika deklarasio za watu kwa fedha, lakini hatii sahihi yake. Kwa sheria ya huko, kila anayelipwa kuandika deklarasio ya mtu lazima awe na nambari ya kazi hiyo, na aitie sahihi. Anayesema, "Tia wewe tu, mimi nisionekane," anajua kwa nini anajificha. Tena anayedai sehemu ya fedha utakayorudishiwa, au anayetaka fedha hiyo ipitie benki yake, mkimbieni. Na mtu asitie sahihi katika fomu tupu hata siku moja. Makosa yakionekana, jina lililo juu ya karatasi ndilo litakaloitwa.

Msaada wa kweli upo, na mwingi haulipiwi. Kuna mabilo ya watu wa kujitolea yanayoitwa VITA, ambayo yanawaandikia deklarasio watu wa mapato madogo. Si yote yanayoshika miaka ya nyuma, basi mtu aulize kwanza. Kuna kliniki za kodi za watu wa mapato madogo, LITC, ambazo zinamsimamia mtu aliye na ugomvi na bilo, bure au kwa malipo madogo. Na ndani ya bilo yenyewe kuna mtetezi wa walipa kodi, kwa wale waliokwama au wanaoumizwa na mambo ya bilo. Mtu akipiga simu ya bilo anaweza kuomba mkalimani. Na asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuomba barua zake kwa lugha nyingine. Kifaransa kimo katika orodha, na wengi wa watoto wetu walikisoma shuleni.

Neno la mwisho

Ndugu wapenzi, sisi makarani hatuna nguvu ya kuondoa kodi ya mtu. Tunajua jambo moja tu, ambalo vitabu vya mgodi vimetufundisha: mfanyakazi anayeandika mwenyewe siku zake za kazi, siku ya mshahara ana neno la kusema. Asiyeandika, hata akilia, mwenye kitabu anamwambia, "Hapa imeandikwa hivi."

Kwa miaka mingi wengine waliandika hesabu za watu wa Kongo: wangapi, wanalipa nini, wanastahili nini. Watoto wetu walioko mbali wasikubali tena kuandikwa na mkono wa mwingine wakati kalamu imewekwa mezani pao.

Basi juma hili, kila mwenye mtoto au ndugu huko ampigie simu. Amwulize maneno matatu tu: Je, kuna barua ambayo hujaifungua? Ni mwaka gani unaotajwa? Siku ya mwisho ni lini? Kisha amwambie akusanye karatasi za mwaka mmoja tu kwanza, ule wa karibuni, kabla ya Jumapili. Akimaliza huo, atashika wa pili. Wenye barua ambazo hawakuzielewa, watuletee picha zake, tutazisoma pamoja jioni baada ya kazi, na hatudai hata franka moja.

Tumesema.